Tanuri Walilonivunjia

Mwaka 1967, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alitoka Pemba akaenda Unguja kutafuta kazi, na hakurudi. Hakufa, alioa. Mama akanitoa skuli darasa la tatu, akanipeleka kwa mama yake, Bi Mosi, mfinyanzi wa vyungu na matanuri. Shida zangu na kazi yangu zilizaliwa siku moja kama pacha, na mpaka leo sijui yupi alitangulia kutoka.

Nyie vijana wa jumuiya yetu hapa Birmingham mmeniomba niandike kuhusu kazi. "Kitu cha kutia moyo, Babu." Cha kutia moyo sina. Ninacho cha udongo. Kila mkikaa kwenye semina zenu mnaambiwa mtu akianguka ainuke. Ni kweli, nimeinuka mara nyingi kuliko nilivyotaka. Lakini hawawaambii kwamba ukishainuka na kujipangusa, aliyekuangusha unamkuta amekaa palepale, anakunywa chai, na anakuuliza mbona una vumbi.

Kwanza mjue tanuri ni nini, maana wengi wenu mofa, mikate yetu ya mtama, mnazijua za kwenye friza tu. Tanuri la mofa ni kama mtungi mkubwa usio na kitako, mdomo juu. Moto unakokwa ndani, makaa yakishakuwa mekundu unaubandika mkate kwenye ukuta kwa mkono uliolowa maji ya chumvi. Ukuta ndio unaoupika. Kwa hiyo kazi yote ni ukuta. Ukuta ukiwa mnene mkate haupati moto. Ukiwa mwembamba unapasuka. Ukiwa na kokoto moja ndogo kama punje ya mtama, hiyo kokoto siku moja italia paa na kipande kitamrukia mpishi usoni.

Kule kwetu ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Mwanamume kukanyaga udongo alikuwa kichekesho. Wenzangu walienda kuvua na kuchuma karafuu, mimi nimekunja suruali nimesimama shimoni, wananipitia wananiita "Bi Makame". "Bi Makame, chungu changu cha wali lini?" Bi Mosi hakunitetea. Alisema, "Waache. Wakioa watakula kwenye chungu chako."

Alikuwa mkali, hasifu mtu. Alinipiga vidole kwa kijiti cha kulainishia kila nilipoharakisha.

"Bibi, umepasuka wenyewe."

"Udongo haupasuki wenyewe. Umeuharakisha."

"Lakini jana jua lilikuwa kali."

"Basi kalishitaki jua. Kaanze upya."

Neno hilo, kaanze upya, nimelisikia kwake mpaka likawa kama salamu. Alinifundisha kuuviringa udongo kama kamba na kuuzungusha kidoleni: ukikatika, umekosa mafuta yake, ukinata mkononi, umezidi. Alinifundisha kuchanganya makapi ya mpunga na nywele za mbuzi. Makapi huungua ndani ya ukuta yakaacha vijitundu vya kupumulia. Nywele ndizo zinazoushika udongo wakati unakauka, usigawanyike. Bila nywele za mbuzi tanuri halifiki Ramadhani ya pili. Ziwekeni akilini hizo nywele. Zimenila.

Njia niliyopitia mpaka Uingereza sitaieleza. Baba zenu wengi wamepita hiyo hiyo na wanajua kwa nini haielezwi. Nilifika Birmingham nikiwa mtu mzima, nina mvi, nina mke na watoto waliofuata nyuma, na sina mtu ninayemjua isipokuwa mmoja: Sefu.

Sefu tulitoka mtaa mmoja. Alinizidi miaka michache, kwa hiyo nilimwita Kaka. Alikuwa na duka mtaa wa Lozells, la unga wa mtama, papa mkavu, ubani, na mofa za barafu alizoziagiza kwenye maboksi. Alinipokea. Hilo siliondoi. Nililala sebuleni kwake, nikala sahani moja na watoto wake, na viatu vyangu vya kwanza vya baridi vilikuwa vyake. Mkewe alinifulia. Mtu akikutendea hayo, kwetu unamwinamia mpaka mmoja wenu aingie kaburini. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hapo ndipo nilipokatwa shingo.

Nilipata kazi ya kufagia kwa kinyozi mmoja Mkongo, Papa Kalala, milango michache kutoka duka la Sefu. Nyuma ya kinyozi kulikuwa na uwanja mdogo wa matofali, taka na baiskeli moja mbovu. Nikamwomba ule uwanja. Sikutaka anilipe zaidi, nilitaka mahali pa kukanyaga udongo. Siku ya kwanza aliponiona nimevua soksi kwenye baridi ile alitoka na mkasi mkononi.

"Papa Makame, ni nini hii? Unajenga nyumba ya panya?"

"Tanuri."

"Voilà! Na huyo panya atalipa kodi?"

Alikuwa mtu wa maskhara lakini hakunifukuza. Wateja wake walikuwa wanatoka nusu kichwa kimenyolewa kuja kutazama mzee anavyocheza ngoma kwenye matope.

Udongo wenyewe nilitaabika nao. Siku moja nilikuwa kwenye basi napita Longbridge, pale palipokuwa na kiwanda cha magari, wanachimba misingi ya maduka na nyumba. Nikaona lundo la udongo mwekundu, unang'aa kama nyama. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikashuka. Nikamwendea dereva wa katapila nikamwomba kwa Kiingereza changu cha kuunga. Yule Mzungu alinitazama kama mtu anayeomba takataka, na kweli ndicho nilichokuwa naomba. Akacheka, akanijazia mifuko. Sefu akanichukulia kwa gari lake.

Nikajenga tanuri, zuri ajabu. Nikaliwasha. Asha, mke wangu, akabandika mofa ya kwanza, akaibandua, akainusa, akanipa.

"Makame, huu ni mkate au ni spea?"

Ilinuka oili. Oili ya miaka yote ile ya magari ilikuwa imenywewa na ile ardhi, na mimi nimeibeba mgongoni nikaja kuipika. Tulicheka, tukavunja. Nikaanza upya. Nikapata udongo safi kwa mtu mmoja Hodge Hill aliyekuwa anachimba nyuma ya nyumba yake kuongeza jiko; wa kijivu kidogo, mkaidi, lakini hauna dhambi.

Tanuri la pili lilinifundisha hewa ya Birmingham. Kule kwetu unahangaika udongo usikauke haraka: unafunika magunia yaliyolowa, unaweka kivulini. Hapa kivuli kipo mji mzima na udongo haukauki. Kwa nje ulikuwa mgumu, ukiugonga unajibu ko, ko. Kulikuwa na watu wanataka mofa za arobaini ya marehemu, unga umeshakandwa, wanawake wamekaa wanangoja. Nikajidanganya umekauka. Nikakoka. Maji yaliyokuwa ndani ya ukuta yakachemka, tanuri likapasuka kwa kishindo hadi Papa Kalala akalala chini na mteja wake wamekumbatiana. Arobaini ikaliwa kwa mikate ya kukata ya dukani, na marehemu alikuwa mtu wa kupenda mofa.

Hayo ni makosa yangu, sina uchungu nayo. Udongo ukikuadhibu unakuadhibu kwa haki. Baadaye nikajua dawa yake: taa ya balbu ndani ya tanuri, inawaka mchana kutwa, wiki kadhaa, kisha mshumaa, kisha makaa ya kiganja kimoja, unaongeza taratibu kama unavyomwachisha mtoto ziwa. Ukitaka kujua tayari au bado, weka kioo mdomoni mwake. Kikitoka na ukungu, bado linapumua maji. Hilo Bi Mosi hakunifundisha, alikuwa hana haja nalo. Nimeligundua mwenyewe hapa, na sasa nawapa bure.

Sasa njooni kwenye nywele.

Sefu alikuwa na desturi ya kwenda kwa mfugaji mmoja nje ya mji kununua mbuzi wa Idi. Nikamwomba aniunganishe. Tukaenda pamoja kwenye gari lake. Yule mfugaji alikuwa na mbuzi wenye manyoya marefu, anawachana wakati baridi inapoisha, na yale yanayobaki kwenye kitana alikuwa anayatupa. Akanijazia mifuko miwili myeusi ya taka. Sefu alisimama pale pale, amefunga pua kwa kola ya shati. "Yakhe, unaninukisha gari!" Alisema hivyo njia nzima. Tukaishusha mifuko kwa Papa Kalala, uwanjani, tukaipitisha katikati ya chumba cha kunyolea maana hapakuwa na mlango mwingine.

Kwa nywele zile nilijenga tanuri langu bora kabisa. Jumuiya ilikuwa imekodi ukumbi mdogo Lozells, una ua nyuma. Wazee wakaniomba niwajengee tanuri la futari. Nilijenga kwa moyo mmoja, nikalikausha kwa mwezi mzima, nikaweka mdomo wake mviringo kama uliochorwa kwa bikari. Ramadhani ikaingia. Wanawake wakapika mofa za kweli, watu wakala wakalia machozi, wengine hawajazionja tangu watoke kwao. Walikuwa wanakuja mpaka kutoka miji mingine. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikawa mtu. Mnielewe: nilikuwa nafagia nywele sakafuni, na saa ya magharibi nikawa fundi. Wazee walinisogezea tende.

Na boksi za mofa za barafu zikabaki dukani kwa Sefu.

Hakunigombeza. Hakuninunia. Alianza tu kusema, dukani, kwa mtu mmoja, kisha kwa mwingine, kwa sauti ya huruma: "Makame namhurumia, shida zinamsumbua. Lakini ile mifuko aliyokuwa anatoa kwa kinyozi, mimi niliiona kwa macho yangu." Basi. Hakuongeza. Watu walijiongezea wenyewe. Nywele za vichwa vya watu, tena wa kila dini na kila aina, zimo ndani ya tanuri la futari ya Waislamu. Wanawake wengine walisema kweli walihisi harufu. Mmoja alisema alikuta unywele mrefu kwenye mofa. Unywele mrefu, kwa kinyozi wa wanaume!

Jioni moja tumeshafuturu kwa tende na maji, sinia hazijaletwa, Maalim aliyekuwa akituongoza sala akanigeukia. Alikuwa mtu mpole.

"Bwana Makame, usinielewe vibaya. Watu wanasema tanuri lina nywele za watu. Ni kweli?"

Shingo zikageuka, na upande wa pazia walikokaa wanawake wakasogea wasikie. Nikamtazama Sefu. Alikuwa anatoa kokwa ya tende kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Nikamngoja aseme. Neno moja lilitosha: ni za mbuzi, nilikuwepo. Hakusema.

Sasa mimi nifanyeje? Nikikana, nimemwita Sefu mwongo mbele ya watu, mwezi mtukufu, mtu niliyelala kwake na kuvaa viatu vyake. Nikaona haya. Nikasema, "Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye," nikainamisha kichwa.

Nilidhani nimeonyesha heshima. Wale wote waliokaa pale waliona mtu aliyekosa jibu.

Siku ya pili walilivunja. Sikuzuiwa kutazama. Walileta nyundo kubwa, na tanuri halikukubali upesi, nilipata fahari ya kijinga kwa hilo. Mmoja wa waliokuwa wanavunja alinigeukia amejaa jasho. "Mzee, umejenga ngome." Vipande vilipoanguka, nywele zilionekana zimetokeza kwenye mipasuko, nyeupe na kahawia, ndefu, za mbuzi, mtoto mdogo angezijua. Hakuna aliyeinama kutazama. Walizoa kwa koleo wakatupa kwenye pipa.

Asha alinigombeza wiki nzima. "Una ulimi wa nini? Wa kulambia bahasha?" Nikamwambia nimestahi. Akasema, "Umemstahi yeye. Mimi na watoto ulitustahi lini?" Hilo sijalijibu bado.

Tukahama kwa Sefu? Tulikuwa tumeshahama zamani, tunaishi chumba kimoja na jiko. Lakini nilikoma kwenda dukani kwake, nikanunua unga mbali, kwa basi mbili. Papa Kalala aliposikia mkasa wote alikasirika kuliko mimi, maana na yeye walimchafulia. "Watu yako, Papa. Nywele za wateja yangu ni za bei, siwezi kutia kwenye matope!" Huyo peke yake ndiye aliyenichekesha mwaka ule.

Niliacha udongo. Nilifagia. Nikafanya kazi ghalani, nikapakia makabati. Mikono ilikuwa inanikauka, na mfinyanzi mkono ukimkauka huwa mkali nyumbani.

Aliyenirudisha ni Mwafghani. Alikuwa na duka la mikate, tanuri lake la chuma na udongo limemvunjikia ndani, na fundi aliyemuuzia haji. Alinyolewa kwa Papa Kalala, akaambiwa habari zangu, pamoja na za nywele, maana Papa Kalala hafichi kitu. Yule Mwafghani alikuja kwangu akaniuliza kwa vidole, akishika ndevu zake: mbuzi? Nikatikisa kichwa ndiyo: mbuzi. Akacheka akanishika mkono. Kumbe kwao nao wanatia nywele za mbuzi. Mtu wa nchi ambayo siijui hata kwenye ramani aliamini kwa kushika ndevu, na watu wa mtaa wangu hawakuamini kwa kuona.

Kwake nilianza upya, magoti yakiwa yameshaanza kulalamika. Nikamjengea. Akanipeleka kwa binamu yake, binamu akanipeleka kwa Mpunjabi, Mpunjabi kwa Mkurdi. Matanuri yangu yapo mji huu mpaka leo, wanapika naan na mikate ambayo majina yake siwezi kuyatamka. Nilijifunza na ya kisasa: kuweka mtungi wa udongo ndani ya boksi la chuma, kujaza katikati punje nyepesi za kuzuia joto, kuacha njia ya bomba la gesi. Mwanzoni niliyadharau, nikasema Bi Mosi angenipiga kijiti. Kisha nikaona tanuri la namna hiyo unaweza kulipakia kwenye gari na kulishusha mtaa wa pili bila nyundo. Nikaacha dharau. Msiwe watumwa wa bibi zenu. Wao walikuwa na jua.

Nilipata gari. Nilipata nyumba. Miaka ikaenda. Wajukuu wakazaliwa, mimi nawaambia njoo shika udongo, wao wananijibu, "Babu, just buy one online." Na mimi mjini nikaitwa Mzee wa Matanuri, isipokuwa kwa watu wangu wenyewe. Kwenye harusi zetu nilipewa mkono, nikasalimiwa, na siku zote palikuwa na mtu wa kumnong'oneza mwenziwe nikipita.

Mwaka juzi Sefu alikuja kwangu Hodge Hill. Amezeeka, anatembea na fimbo, amebeba halua ya Wete. Asha akamwekea chai, akatoka chumbani, akaacha mlango wazi ili asikie.

"Yakhe Makame, mashaallah, nyumba."

"Alhamdulillah."

"Vijana wanataka tanuri. La Ramadhani, pale pale ukumbini. Wanasema mofa za dukani zina ladha ya karatasi. Nikawaambia fundi ninaye, ni ndugu yangu."

"Ndugu yako."

"Sasa si ndugu?"

"Kaka Sefu, zile nywele zilikuwa za nini?"

Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Bwana wee, mambo ya zamani hayo."

"Ya zamani kwako. Mimi niko nayo hapa. Nitawajengea, tena bila ya kutaka kitu. Lakini ulisema mbele ya watu, ukanyamaza mbele ya futari. Nataka useme mbele ya futari. Neno moja."

"Unataka kunifanya mtoto mbele ya watu na umri huu?"

"Nataka useme mbuzi."

Akaimaliza chai. Mwishoni akasema sawa. Alipotoka Asha akaniambia, "Hatasema." Nikamwambia atasema, uzee unalainisha mtu. Mnaona, mpaka leo sijui kupima udongo wa binadamu.

Ramadhani ikaja. Nikavaa kanzu mpya. Ukumbi ule ule, umepakwa rangi. Tukafuturu, tukasali. Sefu akasimama kwa fimbo yake, watu wakatulia kwa heshima, maana sasa yeye ndiye mkubwa wetu.

"Ndugu zangu," alisema, "huyu Makame ni mwenzetu. Aliteleza wakati mmoja, mnajua habari zake, na binadamu huteleza. Wazee walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mimi kwa upande wangu nimemsamehe, na nawaomba nyote mumsamehe, atujengee tanuri letu."

Watu wakasema amin. Maalim akanishika bega. Nilisamehewa, nyie! Nilisamehewa na mwizi kwa kosa la kuibiwa.

Safari hii sikuinamisha kichwa. Nilisimama, goti likalia.

"Nisamehewe nini? Nywele zilikuwa za mbuzi. Sefu anajua, alinipeleka kwa mfugaji kwa gari lake, akafunga pua njia nzima. Alinisingizia kwa sababu mofa zake za barafu zilikuwa hazitoki. Na nyinyi mlivunja na nyundo na hakuna aliyeinama kutazama."

Msichana mmoja upande wa pazia akauliza kwa sauti, "Wait, so it was goat hair?" Mama yake akamwambia, "Nyamaza wewe."

Sefu akasema polepole, machozi yanamlenga, "Mimi nilimpeleka kununua mbuzi. Alichobeba kwenye mifuko yake sikukikagua."

Basi. Mzee analia. Watu wakamkimbilia yeye. Wakamkalisha, wakampa maji. Mmoja wa rika langu, tena niliyedhani ni rafiki, akaniambia sikioni: "Makame, mtu mzima haaibishwi mbele ya watoto. Na mwezi huu! Kama ilikuwa uongo, mbona hukukana siku ile?"

Mbona sikukana siku ile. Nilichukua viatu vyangu nikaondoka.

Baada ya Idi Maalim alinipigia simu, kwa upole wake ule ule. Alisema vijana wameona ni rahisi zaidi wanunue tanuri la gesi la kiwandani. Nikamwambia wasisahau kulipaka chumvi ndani kabla ya mkate wa kwanza, usije ukang'ang'ania. Akanishukuru. Sefu tunakutana msikitini. Ananitolea salamu, namrudishia, kwa sababu salamu ni wajibu.

Kwa hiyo nyie mnaojifunza kazi, iwe ya udongo, ya nyaya, ya kompyuta, sikilizeni. Tanuri likipasuka utajenga lingine, nimejenga mengi mpaka nimeacha kuhesabu. Mtu akisingizia kazi yako, mkane hapo hapo, chakula kikiwa bado mdomoni, hata kama umelala kwake, hata kama umevaa viatu vyake. Vua viatu umrudishie, umkane. Ukimstahi siku ile, ukija kusema baadaye wewe ndiye utakayekuwa mkosaji. Bi Mosi hakunifundisha hili. Yeye alikuwa na udongo tu, hakuwa na jumuiya.

Leo ninavyomiliki ni hivi. Nyumba Hodge Hill, iliyoungana upande mmoja na ya jirani, deni lake tumelimaliza. Gari moja la mizigo, mlango wa nyuma una kutu. Banda la kazi na kufuli lake. Koleo tatu, chekeche mbili, balbu nyingi. Goti moja la asili na moja la hospitali. Mke mmoja, bado ananigombeza. Watoto wanne, wajukuu tisa, wanaonielewa ni wote, anayenijibu kwa Kiswahili ni mmoja. Kiwanja cha kaburi langu na la Asha. Tanuri moja uani, lenye nywele za mbuzi. Jumapili Asha anapika mofa, na zinazobaki tunazila Jumatatu.